Visiwa Visivyo na Bahari

Wako wasomi wanaodhani kwamba mageuko ya viumbe ni habari ya Galapagos, alikofika Darwin mwaka 1835, na kwamba mwalimu wa Kizota, katikati ya nyanda kame za Dodoma, hana mfano wa kuwapa wanafunzi. Hiyo ni kasumba.

Kisiwa si lazima kizungukwe na maji. Milima ya Rubeho, inayofika wilayani Mpwapwa, imebeba misitu yenye unyevu iliyozungukwa na ukame. Kiumbe wa msitu asiyeweza kuuvuka ukame huo hutengana na nduguze, na vizazi vikipita hugeuka kuwa aina ya peke yake. Mwaka 2005 wataalamu walieleza kwamba kwale wa Rubeho ni aina mbali na yule wa Udzungwa.

Upekee huo una hatari yake. Chura wa Kihansi, azaaye badala ya kutaga, aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto mmoja tu duniani. Maji yakapunguzwa kwa ajili ya umeme, ugonjwa ukafuata, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Aliweza kurudishwa mwaka 2012 kwa sababu vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani mapema.

Msitu wa Rubeho ukiteketea, hakuna msitu jirani utakaoleta kwale mwingine. Basi mwalimu aufundishe mlima huo kabla ya Galapagos. Na mtumishi wa umma anunuapo gunia la mkaa, asiulize bei tu, aulize na lilikotoka.