Picha ya Asili Isifutwe



Wakati wa likizo nilimfungulia Bibi gazeti la muhula uliopita, ukurasa wenye picha ya Kidato cha Nne chini ya mwembe. Alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole juu ya mtu mmoja, akasema, "Huyu hapa mjukuu wangu." Hakuwa mimi. Sikumsahihisha. Nyuso zote 42 zilikuwa kama zimepakwa uji, nami nilijitambua kwa mahali niliposimama tu.

Picha ile haikupigwa vibaya. Ilipigwa kwa simu nzuri, ikatumwa katika kundi la WhatsApp la wazazi, na simu ilipojaa, ikafutwa. Sisi watengenezaji wa gazeti (maana nami nilikuwamo, na lawama ni yangu pia) tukaichukua ile ya kundini, tukaikuza ijaze ukurasa.

Picha ya simu ni vitone vya rangi viitwavyo pikseli. Ile ya kwanza ilikuwa na pikseli 4000 kwa 3000, yaani milioni 12. Iliyobaki kundini ilikuwa 1600 kwa 1200, hazifiki milioni 2. Wachapaji kwa kawaida hutaka pikseli 300 kwa kila inchi, hivyo 1600 zatosha inchi 5 na kidogo, na ukurasa wetu una inchi 8. Kompyuta ikilazimishwa kukuza, hukisia vitone vilivyopungua kwa kutazama jirani zao. Tena picha nyingi huhifadhiwa kwa muundo wa JPEG, uliowekwa kuwa kanuni mwaka 1992, ambao hutupa baadhi ya mambo madogo ili faili liwe jepesi. Kila ukirekebisha na kuhifadhi upya, hutupa tena.

Wako wenzangu wasemao kwamba basi tutume picha kubwa daima. Siafikiani nao. Siku ya michezo zilipigwa picha 60. Kila moja ikiwa na MB 4, jumla ni MB 240, na bando la mzazi litakwisha kwa kutazama watoto wa watu wengine wakikimbia na magunia. Zikipunguzwa hadi KB 300, zote ni MB 18 tu, na katika kioo cha simu hataona tofauti. Kupunguza ni adabu kwa mpokeaji. Kinachopunguzwa, lakini, sharti kiwe nakala.

Bibi anayo picha yake ya ujana, nyeusi na nyeupe, ambayo mpaka leo waweza kuhesabu shanga za shingoni. Zamani hizo mpiga picha alibaki na filamu, mteja akapewa karatasi. Sisi twagawa karatasi na kuitupa filamu.

Kazi yenyewe si ngumu. Katika programu ya Paint, fungua picha, punguza upana uwe 1600, urefu uache ujipange wenyewe (ukiupanga wewe, watu watanenepa), kisha hifadhi kwa jina jingine. Ya gazeti itumwe WhatsApp kama hati, si kama picha, ndipo itafika kama ilivyo. Njia ya HD, iliyoanza Agosti 2023, ni nafuu kuliko ya kawaida, ila nayo hupunguza.

Mahafali yetu ni mwezi wa Oktoba. Wawili waliosimama chini ya mwembe wamekwisha hama, hivyo picha ile haiwezi kupigwa tena. Nawaomba walimu picha za mahafali ziingizwe katika kompyuta ya shule siku hiyo hiyo, kabla hazijatumwa kwa mtu yeyote, na nakala ya pili iwekwe katika flashi ofisini. Flashi hiyo niko tayari kuichangia.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne, Kibuta