Loki ya gari haitajitengeneza

Kila mtaa una gari la namna hii. Mwenyewe anashuka, anabonyeza rimoti, milango mitatu inajifunga na wa nne umekaa vilevile. Anabonyeza tena. Mwishowe anazunguka upande wa pili, anaifunga loki kwa kidole, anavuta kitasa kuhakikisha, anaondoka. Muulize, jibu lipo mdomoni: gari limezeeka, mwisho wa mwezi nitalipeleka kwa fundi. Mwisho wa mwezi upi, hasemi.

Uzee si sababu. Magari mengi ya kwetu yamekuja yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Kenya inakataa kuingiza gari lililopita miaka 8, lakini hata hilo linalokubaliwa huishi nasi miaka mingine mingi. Gari la zamani ndilo gari letu la kawaida. Tungesubiri jipya ndipo tufunge milango, tungelala barabarani tukilinda.

Na wala ndani ya mlango hakuna maajabu. Kuna mota ndogo inayotumia umeme wa volti 12, vigurudumu vya meno vya plastiki, na nyaya chache. Umeme ukipita upande huu loki inafunga, ukigeuzwa inafungua, basi.

Kabla ya kutoa hata shilingi, sikiliza. Milango yote ikinyamaza kwa pamoja, anza na fyuzi, halafu rilei na swichi ya mlango wa dereva. Mlango mmoja ukiunguruma bila loki kusogea, mota imechoka au meno yamelika. Mlango mmoja ukiwa kimya kabisa, fungua huo mlango utazame pale unapokutana na bodi, karibu na bawaba. Kuna bomba la mpira lililokunjamana. Nyaya zote za mlango zinapita humo, na kila unapofungua na kufunga zinakunjwa na kukunjuliwa. Baada ya miaka, shaba inakatika. Mara nyingi mlango wa dereva hutangulia, kwa kuwa ndio unaofunguliwa kuliko yote.

Ubaya wa waya huo ni kwamba ganda la nje linaweza kubaki zima, na fundi mwenye haraka akaapa kuwa nyaya hazina kasoro. Jaribio lake ni rahisi mno. Mtu mmoja abonyeze swichi mfululizo, mwingine auchezeshe mlango taratibu, wazi, nusu, karibu kufunga. Loki ikiitika mlango ukiwa mahali fulani tu, mchawi wako yumo ndani ya mpira. Hapo ndipo tunaposhangaa watu wanaokimbilia kununua betri ya rimoti, kisha rimoti yenyewe, kisha alamu nzima. Ni kumvisha miwani mgonjwa wa jino.

Dawa ya waya ni kukata kipande kilichochoka na kuunga kipya, laini, chenye urefu wa kutosha ili kiungo kikae nje ya sehemu inayokunjwa. Kiungo kilehemiwe na kuvishwa mpira wake. Fundi akisokota nyaya kwa vidole na kuzungushia tepu nyeusi, mwambie asimame hapo hapo. Kiungo cha namna hiyo kitarudi kukusumbua mvua za kwanza.

Mota nayo si msiba. Kwa magari mengi, fundi umeme mwenye subira anaweza kuifungua loki na kubadilisha mota peke yake, akasafisha uchafu uliogandamana na kupaka grisi mpya. Ukiamua kununua loki nzima iliyotoka kwenye gari jingine, kumbuka kwamba nayo ina umri kama wa yako. Ijaribu kwenye betri kabla hujalipa, na mwenye duka akikataa, nenda duka la jirani.

Jambo moja dogo ambalo mafundi wengi hulipuuza: nyuma ya kava la mlango kuna karatasi ya nailoni. Haikuwekwa kwa urembo. Maji ya mvua hushuka pembeni mwa kioo na kutokea kwenye matundu ya chini ya mlango, na nailoni ndiyo inayoyazuia yasiingie upande wa abiria. Karatasi irudishwe ilivyokuwa, na matundu yazibuliwe, la sivyo mlango unageuka pipa na loki mpya inaanza kuota kutu.

Wenye teksi tunawaambia hili bila kuzunguka. Abiria wa nyuma kuambiwa "subiri nikufungulie kwa nje" si huduma nzuri, ni hatari. Gari likishika moto au likiingia mtaroni, wewe unayefungua kwa nje utakuwa wapi? Kama ni loki ya watoto imewashwa, izime. Ni kitufe kidogo pembeni mwa mlango, hakihitaji fundi. Kama kitasa cha ndani kimekufa, gari hilo lisibebe mtu kiti cha nyuma mpaka kitengenezwe.

Kazi yote hii, kwa mlango mmoja, haimalizi mchana wa fundi anayejua anachofanya. Jumamosi hii, kabla ya kuliosha gari, uvute ule mpira wa mlango wa dereva uhesabu nyaya zilizokatika.