Mtambo wa Oksijeni Usihukumiwe kwa Kitanda Kimoja

Wakazi wa Kitui na Makueni, mmeshazisikia hoja kuhusu mtambo wa oksijeni wa hospitali. Ninyi ndio waamuzi, tuzipime.

Ya kwanza yasema: kitanda cha mwisho wodini hakipati lita zilizowekwa, basi mtambo ni mdogo, kaunti inunue mkubwa. Lakini mtambo uliozidiwa hushusha presha ya bomba kuu, na wodi zote huumia pamoja. Mabomba ya hospitali huendeshwa kwa takriban baa 4. Geji ya bomba kuu ikisimama kwenye 4 huku wodi moja tu ikilalamika, kasoro iko njiani: kichujio kimeziba, vali haijafunguka yote, au kiungo kinavuja. Uvujaji husakwa kwa sabuni isiyo na mafuta, maana mafuta yakikutana na oksijeni yanaweza kuwaka. Na kama mtambo huohuo unabakiza gesi ya kujaza mitungi, udogo wake uko wapi?

Ya pili inalaumu mwinuko. Ni kweli miji ya Kitui na Wote iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na presha ya hewa huko ni pungufu kwa karibu asilimia 12 ikilinganishwa na Mombasa. Kama kitanda kimepoteza nusu ya mtiririko, asilimia 12 haielezi hilo. Tena mwinuko haubadiliki kati ya asubuhi na alasiri, wala kati ya wodi na wodi. Tatizo linalokuja na kuondoka halikuletwa na mlima.

Ya tatu ndiyo ya hatari zaidi: kidhibiti cha mtiririko kikisoma vibaya, kirudishwe sifuri. Kifaa hiki, kikiwa cha aina ya joto, hupasha gesi moto kidogo na kupima joto linalobebwa. Sifuri yake huweza kuhama, hilo sibishi. Ila sifuri huwekwa kifaa kikishapata moto wake wa kazi, vali za pande zote mbili zikiwa zimefungwa. Ukibonyeza kitufe cha sifuri huku gesi ikipenya, kifaa kinauhesabu uvujaji kuwa sifuri, na kila kipimo baada ya hapo kinapungua kwa kiasi hicho. Fundi anayesema kifaa hakiaminiki, kisha akakiamini mara tu alipobonyeza, bila mita ya pili ya kulinganisha, amejipinga mwenyewe.

Inabaki hii: lita zikitosha, mgonjwa amepata oksijeni. Hapana. Nitrojeni na oksijeni hubeba joto karibu sawa, hivyo kidhibiti hicho cha mtiririko hakizitofautishi. Mitambo inayochuja hewa kwa zeolaiti hutoa oksijeni ya takriban asilimia 93. Zeolaiti ikiingia unyevu, nitrojeni hupita na lita husomeka zilezile. Usafi una kipimo chake.

Kabla zabuni ya mtambo mpya haijatangazwa, hospitali ionyeshe kwa maandishi presha ya bomba kuu, presha ya kitandani, na asilimia ya oksijeni inayotoka ukutani, vyote vikiwa vimepimwa saa ileile.