Mkuki huanzia miguuni
Wanaosema kurusha mkuki hakuwezi kufundishwa katika shule za Dodoma kwa sababu vifaa ni ghali wanaanza hesabu mwishoni. Mkuki wa mashindano, gramu 800 kwa wanaume na 600 kwa wanawake, kweli si wa bei ya karanga. Lakini umbali hautoki kwenye chombo wala bega nene: hutoka kwenye mbio, hatua za kupishanisha miguu, kisha mguu wa mbele unaokita chini goti likiwa limenyooka, kasi ya mwili ikapanda kiunoni, kifuani, hadi kwenye kiwiko kilichoinuliwa. Hayo hufunzwa kwa mpira mdogo au kipande cha mwanzi, na uwanda mkavu tunao tele.

Julius Yego wa Kenya alijifunza mengi kwa video za mtandaoni, akatwaa ubingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72. Atatokea wa kudai kuwa Mgogo, mwenyeji wa Dodoma, hahitaji mwalimu, mkuki ni wa mababu zake. Sawa, ila mkuki wa mchungaji hutafuta shabaha, huu wa uwanjani hutafuta umbali, na anayetegemea mkono pekee huishia kuuguza kiwiko.