UWAKILISHI HAUKUWA ZAWADI

Bado wapo wanaodai kwamba Mwingereza alitufundisha kujitawala, hatua kwa hatua, mpaka tulipokomaa. Sisi tunaona ni vema hatua hizo zipimwe upya, hasa hapa Lalago na Usukuma yote.

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika liliundwa mwaka 1926 bila Mwafrika hata mmoja. Ikapita miaka 19 ndipo wakaingia wawili: Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Chifu Abdiel Shangali wa Machame. Wote waliteuliwa na Gavana; hawakupigiwa kura na yeyote.

Mwaka 1955 viti vya wawakilishi wasio maofisa wa serikali viligawanywa sawa baina ya Waafrika, Waasia na Wazungu. Je, huo ulikuwa uadilifu? Waafrika walizidi milioni 8, na Wazungu walikuwa kama 20,000 tu.

Ulipofika uchaguzi wa 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa uliotambuliwa. Tena alilazimika kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi. Mkulima wa pamba aliyelipa kodi kila mwaka, na mwalimu wa madrasa asiyepata kusoma shule ya serikali, wote walihesabiwa kuwa hawajakomaa.

Lakini watu hawakukaa kimya. Mwaka 1958 wananchi wa Geita waliandamana kupinga baraza la rangi mchanganyiko walilowekewa bila ridhaa yao. Masharti ya kura yakalegezwa, na Agosti 1960 TANU ikapata viti 70 kati ya 71. Desemba 9, 1961 tukawa huru. Haiwezekani watu wakomae kwa miaka miwili. Kipimo ndicho kilichokuwa cha uongo.

Leo kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, awe amesoma au hakusoma. Sheria inautaka ukutane kila miezi mitatu. Basi tukiuacha mkutano huo kwa watu wachache, kisha tukalalamika misikitini baada ya swala, tutakuwa tumejinyima wenyewe kile ambacho babu zetu walinyimwa na Gavana.