Kuuza kazi ya programu kusiwe butura

Wakulima wa Bukoba na Muleba wanaijua butura: kahawa huuzwa ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, na faida ya mavuno huenda kwa mnunuzi. Biashara ya kuyaandikia programu makampuni mengine ya programu ina mtego wa namna hiyo.

Mnunuzi hapa ni fundi. Anajua thamani ya kazi, naye ataiuza kwa mteja wake kwa bei ya juu. Muuzaji akikubali bei ya jumla kabla ukubwa wa kazi haujajulikana, kila nyongeza ni hasara yake.

Wingi wa vijana nao si mtaji. Mwaka 2019 kampuni ya Andela, inayokodisha waandishi wa programu kwa makampuni ya ng'ambo, ilitangaza kupunguza wapatao 400 wasio na uzoefu Nigeria, Uganda na Kenya. Wateja walitaka wazoefu.

Mwekezaji mdogo asihesabu kompyuta. Asome mkataba kwanza: malipo ya awali, malipo kwa kila hatua, na bei ya nyongeza. Mkataba usio na hayo ni butura.