Mashine ya Kukatia Stika na Darasa Letu

Mwanachuo anayetarajia kufundisha shule kama zile za Mtinko, mkoani Singida, huenda akatamani mashine ya kukatia stika, apate herufi na tarakimu nadhifu za darasani. Hatumkatazi. Twamshauri tu aanze kwa kuuchunguza ukuta, ndipo aitazame mashine. Stika hushika penye ulaini, yaani kioo, bati au ubao uliopakwa rangi ya mafuta. Juu ya chokaa au tofali lenye vumbi hubanduka upesi.

Pili, mashine hizi huhitaji umeme, tena huongozwa na kompyuta au simu. Cricut hutegemea intaneti kwa kazi zake nyingi. Silhouette yaweza kuongozwa na kompyuta isiyounganishwa. Kwa mwalimu wa kijijini, tofauti hiyo yapita tofauti ya bei. Tatu, visu vyake huwa butu. Asiyejua atapata wapi vingine asinunue.

Hata hivyo, tusidharau manila na mkasi. Mtoto anayeichora herufi na kuikata mwenyewe hulijua umbo lake. Anayeitazama mashine ikikata hustaajabu tu. Basi mashine iwe ya mwalimu, na mkasi uwe wa mtoto.